Mmoja ndugu wa muhogo, mwingine ndugu wa mchicha

Swali la msomaji wa Kitengela:

"Daktari, pokea salamu zangu. Kwenye ploti yetu kuna mti mkubwa wa kijani usio na majani. Una mbavu na miiba, na matawi yake yamesimama wima. Sisi tunauita kaktasi. Mwaka jana nilinunua kaktasi nyingine ndogo kwa muuza miche kando ya Barabara ya Ngong, nayo ina mbavu na miiba vilevile, kama shilingi kwa ya pili. Mwanangu wa gredi ya saba alipeleka picha zote mbili shuleni kwa mradi wa sayansi. Mwalimu akamwambia kwamba ile ya mkebe ndiyo kaktasi, lakini mti wa ploti si kaktasi, wala hauna undugu nayo. Nyinyi mnaosomea mimea mnajuaje nani ni jamaa ya nani, ilhali sura ni moja? Na baba watoto anataka kuukata huo mti, anasema tutanunua mwingine palepale kwa muuza miche. Je, ni sawa?"

Jibu:

Mama, mwalimu amesema kweli. Mti wa ploti yenu ni euforbia. Ndugu zake unaowajua ni mnyaa wa fensi, ule Wakikuyu wanaouita kariaria, kisha mbarika, mukinduri na muhogo. Ile kaktasi ya mkebe iko upande wa mchicha na bitiruti. Ukiupanga ukoo mzima wa mimea inayotoa maua, huo mti wako unakaa karibu na muhogo kuliko unavyokaribiana na kaktasi iliyo barazani kwako. Sitaki uliamini hilo kwa sababu tu mimi nimelisema. Ushahidi mwingi uko hapo ploti, sokoni na jikoni, na mwanao anaweza kuukusanya mwenyewe Jumamosi moja.

Nianze na njia tunayoitumia kufikiri, kwa maana bila hiyo ushahidi utakuwa rundo la vijambo tu. Mwalimu akisahihisha hesabu akakuta wanafunzi wawili wote wameandika kwamba 7 mara 8 ni 56, hashuku kitu. Jibu sahihi ni moja, na kila mmoja anaweza kulifikia kivyake. Lakini akikuta wote wawili wameandika 54, wamekosea herufi ileile katika jina la mto Tana, tena wameruka swali lilelile, anajua kwamba walikaa dawati moja. Sisi nasi tunafanya vivyo hivyo. Kufanana katika jibu sahihi hakutupi habari yoyote ya undugu. Tunachokitafuta ni yale mambo madogo ya ajabuajabu ambayo hayana sababu ya kufanana isipokuwa yamerithiwa kwa bibi mmoja.

Mbavu, miiba na unene wa shina ni majibu sahihi, na swali lililoulizwa lilikuwa ukame. Jani pana hupoteza maji mengi. Katika nchi kavu, mche uliozaliwa na majani madogo kidogo na shina nene kidogo kuliko wenzake ulikimaliza kiangazi ungali hai, ukaacha mbegu. Wenzake hawakuacha. Mmea haukuchagua chochote. Waliobaki ndio waliozaa. Yarudie hayo kwa mamilioni ya miaka, majani yanaisha, na shina linachukua kazi ya kutengeneza chakula, ndiyo maana likawa la kijani. Mbavu nazo huliruhusu shina kuvimba mvua inaponyesha na kunywea wakati wa jua bila ganda kupasuka, kama kodiani inavyofunguka na kujifunga. Hata pumzi yao imefanana: euforbia hizi na kaktasi hufunga matundu yao mchana na kuyafungua usiku, zikaihifadhi hewa ya kaboni dayoksaidi katika umbo la asidi mpaka jua litoke. Yote hayo yalitokea mara mbili, Afrika na Amerika, kwa koo mbili zilizoachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Na si mara mbili tu. Ukitembea Magadi au Baringo utakutana na vimea vifupi vyenye pembe nne, visivyo na majani, ambavyo maua yake hunuka kama nyama iliyooza na kuvuta nzi. Hivyo ni jamaa ya waridi la jangwani, na viliifikia sura hiyohiyo kwa njia yao wenyewe.

Sasa yale mambo ya dawati moja.

La kwanza ni maziwa. Euforbia ikichubuliwa hutoa utomvu mweupe papo hapo. Hapa nakuomba sana, mama, mtoto asifanye jambo hili peke yake. Nilipokuwa kijana wa kukusanya sampuli upande wa Magadi, nilikata tawi la euforbia kisha nikajipangusa jasho kwa mkono uleule. Usiku kucha nililala na kitambaa cha maji usoni, jicho la kushoto limefura, na mwanga wa taa ukinichoma kama pilipili. Utomvu huo ukiingia jichoni, osheni kwa maji safi mengi kwa robo saa au zaidi, kisha nendeni hospitali, msingoje kesho. Kama mnataka kuuona tu, mtu mzima aguse ncha ya tawi kwa kijiti kirefu, asimame mbali. Kaktasi nyingi ukizikata hutoa maji au ute usio na rangi. Lakini ziko kaktasi chache, za jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) iitwayo Mammillaria, ambazo nazo hutoa maziwa. Ndiyo sababu sisi hatuhukumu kwa sifa moja.

La pili ni tunda, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu Nairobi nzima inalikanyaga. Okota lile tunda gumu la mukinduri lililoanguka kando ya barabara, ulipasue kwa jiwe. Ndani mna vyumba vitatu, na kila chumba kina mbegu moja. Chuma tunda la mbarika lililokomaa: vyumba vitatu, mbegu tatu. Shamba la muhogo likitoa matunda, utakuta hivyo hivyo. Sasa subiri mti wako uzae, uangalie vile vitunda vilivyojipanga kwenye kingo za mbavu, karibu na ncha za matawi. Vyumba ni vitatu tena. Vikikauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Hakuna ukame unaodai vyumba vitatu badala ya vinne au viwili. Hiyo ni tabia ya nyumba yao.

Kisha nenda dukani ununue tunda la dragoni, lile la rangi ya waridi lenye magamba, ambalo wakulima wetu wameanza kulipanda. Hilo ni tunda la kaktasi. Likate katikati. Utakuta mamia ya mbegu nyeusi, ndogo kama ufuta, zimetawanyika katika nyama laini isiyo na chumba hata kimoja.

La tatu ni ua. Utalihitaji lenzi la mkono, na kwa kuanzia ni rahisi kutumia poinsetia, ule mmea wa bustanini unaowaka mwekundu Desemba. Asili yake ni Meksiko, lakini ni euforbia halisi, jenasi moja na mti wako. Yale mekundu si petali, ni majani. Tazama katikati, palipo na vikombe vidogo vya kijani vyenye tezi ya njano pembeni. Ndani ya kila kikombe mmesimama ovari moja, sehemu ya kike inayogeuka tunda, juu ya kijikonyo, na kuizunguka kuna stameni nyingi, vile vijiti vya kiume vyenye chavua. Mtu atasema hilo ni ua moja. Lakini mwanzoni mwa karne ya 19, Robert Brown, mwanabotania wa Skotlandi, alitambua kwamba kila stameni ina kifundo katikati ya kijiti chake. Kifundo hicho ni mahali ua linapokutana na kikonyo. Kwa hiyo kila stameni ni ua zima la kiume lililopunguzwa mpaka likabaki na stameni moja tu, na kikombe kile ni kijiji cha maua. Rudi kwenye mti wako unapochanua vile vidoti vya njano, nyuki wakiwa wamejaa, ukaangalie kwa lenzi lilelile. Utakikuta kikombe, utaikuta tezi, na kifundo pia. Nimewaonyesha wanafunzi jambo hili kwa miaka mingi, na bado naliona la ajabu kila mara lenzi inapotulia.

Ua la kaktasi halina hata kimoja kati ya hivyo. Ni ua kubwa moja, lenye petali nyingi zinazopandana na stameni kwa mamia. Miiba nayo inatofautiana ukiikaribia: ya kaktasi huchipuka kwa kichala kutoka kwenye kivimbe kidogo kama pamba, na ya mti wako hukaa miwili miwili juu ya kigaga kigumu.

La nne liko sufuriani. Kata bitiruti, kisha kata tunda jekundu la dungusi kakati, ile kaktasi ya vibapa, ulinganishe madoa kwenye kidole chako. Wekundu huo ni wa kundi moja la kemikali, linaloitwa betaleini. Ndilo linaloipa rangi terere nyekundu inayouzwa sokoni, na bogenvilia inayomwagika kwenye kuta za Nairobi. Mimea mingi iliyobaki duniani, euforbia zikiwemo, hupata wekundu wake kutoka kundi jingine, anthosiani. Mpaka leo haujapatikana mmea unaotengeneza zote mbili kwa asili yake. Kwa hiyo kaktasi, mchicha, bitiruti na bogenvilia zimerithi chungu kimoja cha rangi.

Haya yote yalijulikana kwa macho, lenzi na maabara ya kemia kabla hatujaanza kusoma vinasaba. Leo mtafiti akiwa porini hukata kipande cha mmea akakitia kwenye kifuko chenye vichembe vya silika, vile vinavyonyonya unyevu unavyovikuta kwenye kasha la viatu vipya. Kikikauka upesi, DNA yake hubaki nzima. DNA ni maandishi yanayonakiliwa kizazi hadi kizazi, na kila anayenakili hukosea herufi hapa na pale. Makosa yanayoshirikiwa ndiyo yanayotuonyesha nani alinakili kwa nani. Ni mtihani uleule, ila sasa tunasahihisha maelfu ya herufi badala ya tunda na ua. Mwaka 1993 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Mark Chase lilichapisha ukoo uliojengwa kwa kinasaba kimoja, rbcL, kutoka mimea ipatayo 500. Mwaka 1998 ukafuata mpangilio mpya wa familia za mimea yenye maua, ambao umerekebishwa mara tatu, mara ya mwisho mwaka 2016. Mengi ambayo wazee wetu waliyaona kwa lenzi yalithibitishwa. Mengine yalianguka.

Mfano wa yaliyoanguka uko karibu nasi. Peter Bally, Mswisi aliyefanya kazi hapa Nairobi makumbusho yetu yalipoitwa Coryndon, aliichunguza kwa miaka mingi jenasi Monadenium, vimea vinene vya Afrika Mashariki ambavyo kikombe chao cha maua kimeinama upande mmoja. Ulikuwa uchunguzi wa kiwango cha juu, na michoro na maelezo yake tunayategemea mpaka sasa. Lakini DNA ilionyesha kwamba Monadenium imezaliwa ndani ya Euphorbia, kama tawi ndani ya mti, na mwaka 2006 jina likaunganishwa. Watu hunung'unika majina yakibadilika. Mimi naona heri jina libadilike kuliko ukoo uandikwe vibaya.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao watu huusahau. Kama wasio ndugu wanaweza kufanana, ndugu nao wanaweza kutofautiana kabisa. Angalia nyufa za lami kituo cha matatu. Pale huota kimmea chenye majani madogo na vichwa vya maua kama punje, ukikikata kinatoa maziwa. Ni mziwaziwa, Euphorbia hirta. Huo na mti wako wa mita kadhaa ni jenasi moja, pamoja na mnyaa na poinsetia, na spishi nyingine zipatazo 2,000. Nikiulizwa kwa nini nimetumia maisha yangu kwa ukoo huu, huwa najibu kwa kuonyesha mziwaziwa kwa kidole kimoja na mti kwa kingine. Na mti wenyewe haujasahau ulikotoka. Baada ya mvua za masika, angalieni ncha za matawi machanga, ya mti huo na ya mnyaa. Mtakuta vijani vidogo laini vinavyokaa siku chache na kuanguka. Ni majani ya wazee wake.

Kaktasi zilianza Amerika takriban miaka milioni 35 iliyopita, bahari ya Atlantiki ikiwa imeshafunguka zamani. Ndiyo maana karibu kaktasi zote unazoziona Kenya zimeletwa na watu. Iko moja tu iliyovuka bila sisi: Rhipsalis baccifera, inayoning'inia kwenye matawi ya miti ya msituni kama nywele nene za kijani, isiyo na miiba, yenye vitunda vyeupe vya kunata. Inapatikana Amerika, Afrika, Madagaska mpaka Sri Lanka, na maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba ndege waliibeba.

Umeniuliza tunajuaje; huenda baba watoto atauliza kuna faida gani. Nenda Laikipia, upande wa Doldol. Dungusi kakati iitwayo Opuntia stricta imekula malisho ya wafugaji. Mbuzi na ng'ombe wakila matunda yake, vimiiba vidogo kama nywele huwachoma mdomo na matumbo. Mwaka 2014 aliachiwa huko mdudu mdogo anayenyonya maji ya dungusi hiyo mpaka inyauke. Kabla ya kumwachia mdudu kama huyo lazima ujue kwa hakika hatahamia kwenye mimea yetu, na hapo ramani ya ukoo ndiyo inayokuongoza, kwa sababu wadudu wa aina hiyo hufuata undugu, hawafuati sura. Mdudu yule hana haja na euforbia hata isimame kando ya dungusi, mbavu kwa mbavu. Mdudu wa spishi hiyo hata dungusi nyingine ya Laikipia, Opuntia engelmannii, haiwezi. Inahitaji mdudu wake.

Faida nyingine ni ya afya. Watu wengi hupaka utomvu wa euforbia kwenye chunjua. Wanasayansi walitoa kemikali kwenye Euphorbia peplus, gugu dogo, wakaifanya dawa ya madoa ya ngozi yanayoweza kugeuka saratani, ingenol mebutate, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Mwaka 2020 ikaondolewa soko la Ulaya kwa hofu kwamba yenyewe inaweza kuleta saratani ya ngozi. Kama dawa iliyopimwa kwa uangalifu ule imefika hapo, usimpake mtoto utomvu wa fensi.

Sasa mti wenu. Namwomba baba watoto asiukate. Kile atakachokinunua kwa muuza miche, hata kikiwa kizuri, mara nyingi kimeoteshwa kwa vipande vya shina, maana yake ni nakala ya mmea mmoja, na nakala kama hiyo iko kwenye mamia ya mikebe mjini. Mti wenu, kama haukupandwa na mtu, uliota kwa mbegu, juu ya udongo huo, kutoka kwa wazazi waliostahimili kiangazi cha nyanda hizo. Mchanganyiko wa vinasaba ulio nao hauko kwenye mti mwingine wowote. Tunaposema anuwai ya mimea, watu hufikiria orodha ya spishi, na kweli orodha ipo: kazi kubwa ya kuandika mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania ilichapishwa kuanzia 1952 hadi 2012, ikafikia spishi 12,104. Lakini anuwai iko pia ndani ya spishi moja, mti kwa mti, na hiyo ndiyo inayotoweka kimya kimya kila ploti inaposafishwa Kitengela, Athi River na Ruai. Kama mti unawaziba njia, kateni tawi, si mti, na atakayekata avae glavu, miwani na nguo za mikono mirefu, watoto wakiwa ndani.

Spishi gani hasa? Picha haitoshi kwa hilo. Tunahitaji tunda na ncha ya tawi. Mti ukizaa, mleteni mwanao pamoja na kipande cha mti hapa makumbusho, kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki. Mkusanyiko huu ulianza Amani, Tanzania, mwaka 1902, ukahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na una mamia ya maelfu ya mimea iliyokaushwa. Kifungeni kwenye gazeti, si kwenye karatasi ya plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki kitaoza kabla hamjafika mjini. Nitamwonyesha kazi ambayo euforbia hututesa nayo: ukiibana kati ya mbao kama majani mengine, hukaa wiki kadhaa ikiwa hai na hata kuchipua humo gizani. Inabidi tuipasue kwa urefu, tukwangue nyama ya ndani, tuichovye kwenye maji yanayochemka, ndipo ikubali kukauka.

Wakati wa kuichuma, aandike kwenye kijikaratasi, kwa penseli, tarehe, mahali, urefu wa mti, idadi ya mbavu za tawi, rangi ya tunda na ya ua, na kwamba utomvu ulikuwa mweupe. Asiseme ataandika nyumbani. Mmea ukikauka, rangi zote hizo hugeuka kahawia, na miaka 100 ijayo mtu atakayeufungua hatakuwa na njia nyingine ya kuzijua.